Kuwatoa Wanafunzi Nje Kutazama Ndege: Mwongozo kwa Walimu wa Dodoma na Jirani Zake

Mara ya kwanza nilipowaambia wanafunzi wa darasa la tano kwamba kesho tunakwenda kutazama ndege, mmoja aliuliza, "Mwalimu, watatuingiza mpaka ndani ya uwanja?" Alidhani nawapeleka zinakotua ndege za abiria. Sikumlaumu. Mtoto aliyekulia Dodoma mjini huzisikia zikipita juu ya bati la kwao tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Tulitumia dakika tano kutenganisha ndege *inayoruka* na ndege *anayeruka*, na somo la ngeli likapata mfano ambao hawakuusahau.

Safari yenyewe ilikuwa mbovu, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua darasa zima, watoto zaidi ya 60, tukakodi basi kwenda bwawani, tukafika saa 4 asubuhi jua limeshakuwa kali. Tuliona yangeyange watatu kati ya ng'ombe. Kufikia saa 5 watoto walikuwa wanashindana kurusha mawe majini. Wiki iliyofuata nilifika shuleni mapema, nikasimama nyuma ya vyoo karibu na mgunga mmoja mkubwa, na kwa robo saa nikahesabu aina tisa za ndege bila hata kuinua mguu. Tangu siku hiyo sikodi basi. Mwongozo huu ni wa safari ndogo: watoto 12, mahali pamoja, dakika 45, kisha kurudi palepale wiki baada ya wiki.

Kwanza tafuta mahali, siku itafuata

Zunguka peke yako asubuhi mbili au tatu, usivuke kilomita moja kutoka shuleni. Tafuta mipaka: shamba linapokutana na kichaka, mawe yanapokutana na mchanga, maji yanapokutana na nyasi. Ndege wa aina mbalimbali hukutana hapo kwa sababu chakula kiko upande mmoja na maficho yako upande wa pili.

Nchi yetu ni kavu. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki mbali na milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Watu wa nje hudhani hakuna ndege wa kutazama. Ukweli ni kwamba ukavu unatusaidia: miti ni mifupi, majani ni haba, na ndege haonekani kwa shida kama msituni. Mahali penye faida, kwa uzoefu wangu, ni hapa.

Mgunga. Miiba yake ni ulinzi wa viota, maua na maganda yake huleta wadudu, na wadudu huleta ndege. Kama shule yenu ina mwarobaini na mgunga, mmepata jaribio la bure: kundi moja likae chini ya mti huu, jingine chini ya ule, kila moja lihesabu kwa dakika kumi. Usiwaambie jibu. Waache waulize wenyewe kwa nini mti mmoja una wageni wengi kuliko mwingine.

Mbuyu. Huu ni mtaa mzima wa nyumba. Kwenye mashimo yake utapata hondohondo, bundi, na wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano. Wasimamishe watoto kwa kasuku hao. Kwa asili ndege hawa ni wa Tanzania tu, na nyumbani kwao ni nyanda hizi kavu za kati na kaskazini; wanaoonekana Nairobi wametokana na waliofugwa wakatoroka. Mtoto wa Dodoma akijua kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Ulaya kuja kumwona ndege anayelala kwenye mbuyu wa babu yake, anautazama ule mbuyu upya. Lakini kabla ya kusogea, chunguza kama mna nyuki. Nitalirudia hili.

Korongo. Hapa pia lugha inacheza, maana korongo ni bonde la mchanga na korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na si ajabu kumkuta mmoja ndani ya mwenzake baada ya mvua. Kingo za udongo za korongo huwa na matundu ya keremkerem, ambao huchimba na kutaga ndani. Kaeni mbali na kingo zinazomomonyoka, na kukiwa na wingu zito upande wa juu msishuke kabisa.

Lambo la kunyweshea mifugo. Kati ya Agosti na Novemba, maji yanapokuwa yamekauka kwingine, lambo ni kama mnada: kila mtu yuko pale. Njiwa na tetere hufika mapema, mdiria hukaa juu ya tawi kavu, yangeyange huja na ng'ombe kwa sababu kwato huamsha panzi.

Na uwanja wa shule wenyewe usiudharau. Kwezi wa tumbo la kahawia na mgongo wa buluu inayong'aa huokota makombo ya uji mbele ya jiko la shule, na watoto humpita kila siku bila kumwona.

Ruhusa

Mwalimu mkuu kwanza, kwa maandishi, hata kama mnatoka hatua 200 tu nje ya uzio. Wazazi wapelekewe barua fupi yenye saa ya kutoka, saa ya kurudi na nguo za kuvaa. Kama mnaingia kwenye shamba au chini ya mti wa mtu, nenda kwa mwenye eneo jioni ya kabla, umwamkie, ukae naye kidogo. Mzee aliyepewa "shikamoo" yake na kuelezwa jambo mara nyingi hugeuka kuwa mwalimu wa pili. Mmoja alitutolea kigoda, akawaeleza watoto ndege gani akilia hupandi mtama bado. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

Jambo moja linalohusu Dodoma zaidi ya kwingine: darubini huleta maswali. Usiielekeze kwenye kambi za jeshi wala majengo ya serikali, na usipange njia inayopita karibu nayo. Ni rahisi kuchagua mti mwingine kuliko kueleza.

Wiki moja kabla: kazi ya darasani

Anza na wanachokijua. Andika ubaoni "Ndege ninaowajua" na uwaache waseme majina kwa lugha yoyote ya nyumbani: Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kinyaturu. Utashangaa. Watoto wanaojua ndege kuliko wote mara nyingi ni wale wa nyuma darasani: wanaochunga mbuzi na wanaoamia ndege kwenye uwele. Aliyeshinda shambani tangu alfajiri akifukuza kwelea kwelea anajua kundi linatokea upande gani na linatua saa ngapi. Mpe huyo uongozi wa kikundi. Nimeona mtoto asiyefungua mdomo kwenye hesabu akiwafundisha wenzake kutofautisha ndege wawili kwa jinsi wanavyoruka.

Kisha suala la manati. Liseme wazi, bila kugomba. Mimi huweka kikapu mezani siku ya safari na kusema manati zote zilale humo hadi turudi. Sitangazi nani katoa. Waeleze pia kwamba kunasa au kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, biashara iliyowagusa hata wale kasuku wetu wa shingo ya njano. Lakini usitegemee sheria. Kinachoshusha manati ni mtoto kumjua ndege mmoja mmoja.

Fundisha ndege kumi tu, wale uliowaona mwenyewe ulipozunguka. Orodha yangu ya kawaida: kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe, shomoro, tetere, kwezi, hondohondo, mnana, chozi, mwewe, yangeyange na dudumizi. Ukubwa wao uwe kipimo: ndege mgeni akitokea, mtoto aseme "ni mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko tetere". Hiyo ni nusu ya kumtambua.

Nusu nyingine ni mdomo. Leta koleo, kijiko, kibano na mrija. Weka karanga, maji yenye majani yanayoelea, mchele, na chupa yenye mdomo mwembamba iliyotiwa maji ya sukari. Kila kikundi kiamue kifaa kipi kinafaa chakula kipi. Baada ya hapo hawahitaji kukariri kwamba shomoro ana mdomo mfupi mnene wa kuvunja mbegu na chozi ana mdomo mrefu uliopinda wa kufyonza maua. Wameshaona sababu yake.

Mwisho, bundi. Atajitokeza tu kwenye mazungumzo, na darasa litanyamaza, kwa sababu nyumba nyingi zinamhusisha na uchawi na msiba. Usiwacheke. Mimi huleta mabonge makavu ya matapishi ya bundi, yale yanayookotwa chini ya mahali anapolala. Yaanike juani vizuri, vaeni glavu au mifuko ya plastiki mikononi, myafungue kwa kijiti, kisha mnawe kwa sabuni. Ndani mna fuvu za panya, taya na meno. Watoto wahesabu panya wangapi walikuwa kwenye bonge moja, halafu uulize: panya hawa wangekula mahindi ya nani? Sijawahi kuhitaji hotuba baada ya hapo.

Saa na majira

Ndege wana kazi nyingi kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa 3 asubuhi. Baada ya hapo joto linawapeleka kivulini, na upepo wa Dodoma ukianza kuvuma vizuri husikii tena sauti. Mko mahali ifikapo saa 1 kasoro robo, mmemaliza saa 1 na nusu, vipindi havijaharibika sana. Ikishindikana, jioni kuanzia saa 10 na nusu.

Kwa mwaka mzima, kila kipindi kina kivutio chake. Januari hadi Machi ni miezi ya viota: mnana dume anasuka kiota chake kwa nyasi mbichi, mlango ukitazama chini, kisha analia na kupiga mabawa ili jike aje kukagua. Hondohondo jike wakati huo anajifungia ndani ya shimo la mti na kuziba mlango kwa udongo na mavi hadi ubaki ufa mwembamba. Dume hubeba chakula na kumlisha kupitia ufa huo. Watoto waliozaliwa kwenye nyumba za tembe hulielewa hili mara moja, maana wameona ukuta ukikandikwa. Oktoba na Novemba huingia wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwa wengi, nao huondoka Machi na Aprili. Jumamosi ya pili ya Mei na ile ya Oktoba dunia huadhimisha siku ya ndege wahamao, tarehe nzuri kwa klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi wa uhifadhi, kama shule yenu inayo.

Vifaa

Daftari na penseli kwa kila mtoto. Kalamu ya wino hapana, kwa sababu mchoro wa kwanza lazima ufutwe. Maji, kofia, sanduku la huduma ya kwanza, filimbi moja ya mwalimu. Viatu vya kufunika mguu, maana mbigili haina huruma na ndala. Shati jeupe la shule huonekana kutoka mbali. Wavae sweta juu yake, asubuhi ya Dodoma huwa na baridi hata hivyo.

Darubini moja au mbili zinatosha kwa kundi la watoto 12. Zile za kukuza mara 8 ni rahisi zaidi kwao kuliko za mara 10, kwa kuwa mikono midogo hutetemeka. Wafundishe hivi: mtazame ndege kwa macho, usiyaondoe macho kwake, inua darubini hadi ikutane na macho. Watoto wote huanza kinyume, wanaweka darubini usoni halafu wanapekua anga. Na kamwe wasielekeze kwenye jua. Jua kupitia darubini linaweza kupofusha. Kama hamna darubini, kunja karatasi nene iwe bomba. Haikuzi chochote, ila humzuia mtoto kutazama kila kitu kwa pamoja.

Asubuhi yenyewe

Gawa darasa. Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi 12. Waliobaki wanafanya kazi ya kuchora na mwalimu mwenzako, na zamu zao zitafuata siku nyingine. Hesabu watoto mnapotoka, mnapofika, mnapoondoka. Tembeeni kwa mstari, mwalimu mbele na kiongozi wa kikundi nyuma, jua likiwa migongoni mwenu ili rangi za ndege zionekane.

Mkifika, kaeni chini. Dakika tano za kwanza hakuna kuandika, hakuna darubini, macho yamefumbwa. Kila sauti mpya, mtoto anakunja kidole kimoja. Dakika ya kwanza ni vicheko, ya pili ni kukohoa, na ya tatu ndege wanaanza kusahau kwamba mpo. Usiikatishe kabla ya hapo. Hapa ndipo dudumizi husikika, sauti inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wengi wameambiwa nyumbani kwamba akilia mvua inakuja. Usikubali wala usikatae. Muandike tarehe, mtengeneze kipimamvua cha chupa ya plastiki iliyokatwa, na mwisho wa msimu mlinganishe.

Kisha dakika 20 za kutazama. Kila mtoto achague ndege mmoja, si kumi. Sharti langu: *chora kwanza, jina baadaye*. Mwili ni yai kubwa, kichwa ni yai dogo, ongeza mdomo, mkia, miguu, halafu weka mishale ya rangi. Mtoto anayeandika jina haraka huacha kutazama, kwa sababu anadhani amemaliza. Pembeni ya mchoro aandike saa, hali ya hewa, ndege alikuwa sehemu gani ya mti, walikuwa wangapi, alikuwa anafanya nini. Kama anakula, anakula nini?

Kundi kubwa likipita, wahesabu kumi wa kwanza, waone kumi hao wanachukua nafasi kiasi gani, kisha wapime nafasi hiyo inaingia mara ngapi kwenye kundi.

Kuna swali ninalolipenda kwa miti yenye viota vingi vya ndege wafumaji: viota viko upande gani wa mti? Watumie jua kujua mashariki, wahesabu kila upande, waandike. Halafu wanyooshe kidole kilicholowa mate wajue upepo unatoka wapi. Nimeacha mwenyewe kuwaeleza. Wamefika kwenye maelezo mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Dakika za mwisho ni za kusimuliana palepale, kwa sauti ya chini. Kila mmoja jambo moja alilomwona ndege wake akifanya.

Makatazo ni machache. Kiota hakiguswi wala hakisogelewi kiasi cha kumfanya mama aruke. Akiruka na kulia, mmekaribia mno, rudini nyuma. Kinda aliyeanguka aachwe, wazazi wake huwa karibu. Usipige sauti ya ndege kwenye simu kumwita. Wakati wa kutaga inamchosha akifukuza adui asiyekuwepo. Ndege aliyekufa haguswi, na wakionekana kadhaa mahali pamoja, toeni taarifa kwa afisa mifugo.

Hatari, kwa ukweli

Nyuki ndio ninaowaogopa zaidi kuliko nyoka. Mibuyu mingi ina nyuki kwenye mashimo na mingine imetundikwa mizinga. Nenda jana yake mchana, ukae mbali, utazame kama kuna msafara kwenye shimo. Wakiwepo, tafuta mti mwingine, mjadala umekwisha. Uliza wazazi mapema nani huvimba akiumwa na mdudu.

Nyoka na nge hupenda mawe yenye joto: mtoto hatii mkono mahali asipopaona, na hageuzi jiwe. Kwenye lambo na mabwawa watoto hawaingii majini hata vifundoni, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu tope la kingoni humeza miguu.

Mkirudi darasani

Usiache daftari zifungwe. Siku hiyohiyo tengenezeni bango moja la ukutani lenye safu ya tarehe, ndege, idadi na mahali. Baada ya wiki sita lina data ya kutosha grafu ya nguzo, na ni data yao.

Hesabu iingie kwa kwelea. Ndege huyu mdogo hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000 linakula nini? Watoto watapata kilo 10,000, kisha tani 10, kisha magunia 100 ya kilo 100, na aliyeshinda shambani akiamia atatikisa kichwa kwa uchungu wa kujua. Ni vizuri mjadala huu ubaki mgumu. Dawa inayonyunyiziwa kwelea huweza kumfikia mwewe na bundi anayewala, na mkulima naye ana watoto wa kulisha. Wape pande zote mbili wabishane.

Kama mna uwezo wa kwenda mbali

Baada ya safari ndogo tano au sita, watoto wanastahili moja kubwa, na wataitumia vizuri. Bwawa la Hombolo liko kaskazini-mashariki mwa mji na lina ndege wa majini. Bahi, magharibi, ina majaruba ya mpunga na kinamasi kinachojaa miaka ya mvua nzuri. Bwawa la Mtera ni kubwa na la kuvutia, ila kuna viboko na mamba, kwa hiyo mtu wa eneo hilo awaongoze na msikaribie ukingo. Walio Singida wamebarikiwa bila nauli: maziwa Singidani na Kindai yako mjini hapohapo, na flamingo wakiwepo, mtoto aone jinsi wanavyochuja maji wakiwa wamepindua kichwa, mdomo juu chini. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho wanachokichuja.

Ndege msiyemtambua atakuwepo kila safari. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100, na mwalimu akisema "simjui" mbele ya darasa hapungukiwi na kitu. Sisi tuna karatasi ya pembeni ya bango, imeandikwa "Wageni". Mchoro hubandikwa hapo na maelezo yake: ukubwa, mdomo, alipokaa, alivyolia. Mara moja kwa muhula natuma picha za michoro hiyo kwa wanaojua zaidi, au nalinganisha na orodha za eBird, mtandao ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, kwenye simu. Kwa sasa kuna sita ukutani. Mmoja amechorwa na watoto wanne tofauti, kwa wiki nne tofauti, kwenye tawi lilelile la mgunga wa nyuma ya vyoo, na Jumanne saa 1 kasoro robo tutakuwa chini yake tena.